Pikipiki Nyekundu, Pikipiki ya Bluu na Safari ya Kumleta Mama Mkwe

Macho ya mama mkwe wangu yalikuwa yanaingia ukungu. "Sasa naona rangi tu," alituma salamu kutoka Matembwe, "na rangi zenyewe zinaanza kuniaga. Nataka kumwona Agnesi na gauni lake jeupe kabla hazijaondoka." Agnesi ni binti yetu, na Jumapili ile angepokea komunyo ya kwanza hapa kwetu Uwemba. Lakini ilikuwa masika. Njia ya Lupembe, ya kwenda kwake, ilikuwa tope tupu, malori ya mbao yamekwama, na hakuna basi lililothubutu kwenda huko. Leokadia, mke wangu, aliniangalia wiki nzima kana kwamba mvua nimeileta mimi.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Vitu tulivyozoea kuvisikia tu vilikuwa vimejaa madukani, na Makambako watu walikuwa wakiuza pikipiki za Kijapani, zile ndefu za kupandia milima. Viazi vyetu vilikuwa vimetupatia chochote kitu. Nikasema basi, nanunua pikipiki, namfuata bibi mwenyewe. Kuendesha nilijifunzia pikipiki ya parokia, na nilijiona fundi kabisa.

"Chukua ya kubebea watu, siyo ya kujionyesha," Leokadia alinionya.

"Mimi tangu lini nikajionyesha?"

Aliangalia viatu vyangu, ambavyo nilikuwa nimevipiga rangi vikang'aa ili niende navyo kwenye matope.

Alhamisi asubuhi niliteremka Njombe mjini, nikapata lifti ya lori la viazi hadi Makambako. Upepo wa Makambako mnaujua, ule wa kukuvua kofia na kuipeleka Mbeya bila nauli. Nilifika kwa Bwana Salehe, mwenye malori, mtu wa Kondoa aliyehamia pale zamani. Mkewe, Mama Zainabu, ni Mbena mwenzetu wa Igwachanya. Alinipokea kwa "Kamwene!" na chai ya tangawizi, kisha Bwana Salehe akanipeleka uani, zilikokuwa pikipiki mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya bluu, au iliwahi kuwa ya bluu. Siti yake ilikuwa ndefu kama benchi la kanisani, na nyuma ilikuwa na keria ya chuma iliyochomelewa na fundi asiyejali sura. Kuiwasha mpaka upige kiki, na Bwana Salehe alipiga mpaka akavua koti.

Ya pili, jamani! Nyekundu, mpya, imesimama juu kama swala aliyesikia kitu. Siti imepanda nyuma na kuishia hapo hapo, fupi, kijanja. Ukibonyeza kitufe inawaka yenyewe. Niliibonyeza, nikaizima, nikaibonyeza tena.

"Ile ya bluu imezeeka lakini inajua njia zote za huku," alisema Bwana Salehe. "Hii nyekundu ni ya kijana."

Neno la kijana ndilo lililonimaliza.

Mama Zainabu alitoka na kikombe mkononi. "Shemeji, na hiyo nyekundu utambeba nani?"

"Nakwenda kumleta mama mkwe, Matembwe."

Alicheka mpaka akajifunika uso kwa khanga, akarudi ndani anacheka, na huko ndani nikamsikia bado anacheka. Nilidhani amefurahi kuona mkwe mwema. Nikalipa, nikavaa kofia, nikaondoka na ile nyekundu.

Lami mpaka karibu na Kibena ilikuwa raha tupu. Niliwapita watu wa baiskeli, nikawapungia mkono kama mheshimiwa. Nilipoiacha lami na kuingia njia ya Lupembe, tope lilinipokea, lakini nyekundu ilipita. Nisiisingizie, ilikuwa pikipiki kweli. Nilifika Matembwe jioni, nikalala kwa jirani, maana kwetu mkwe halali nyumba moja na mama mkwe.

Ijumaa asubuhi nilikwenda uwanjani kwake, nikachuchumaa mbali na mlango, nikaangalia pembeni kama inavyotakiwa. Kwa asiyejua: kwetu Ubena mwanamume na mama mkwe wake hawagusani, hawatazamani, na mkikutana njiani mmoja anapinda majanini. Hata kusemeshana ni kwa kupitia mtu mwingine. Siku hiyo mtu mwingine hakuwepo, kwa hiyo mama mkwe alisema na mbuzi wake.

"Mbuzi, mwambie mgeni amefanya vizuri kuja."

Alitoka na khanga mpya, kifurushi kichwani, na nusu gunia la maharage ya sherehe mlangoni. Akaikaribia pikipiki, akaipapasa polepole. Taa, tangi, siti. Mkono ulifika mwisho wa siti upesi mno. Akaurudisha, akapapasa tena.

"Mbuzi, muulize. Mimi nakaa wapi?"

Hapo ndipo kicheko cha Mama Zainabu kiliponifikia. Kwenye siti ile, anayekaa nyuma lazima amkumbatie dereva kiunoni, kifua kwa mgongo, kutoka Matembwe hadi Uwemba! Mama mkwe wangu! Jasho lilinitoka na baridi ile. Na kijiji kizima hakikuwa na mtu mwingine wa kuendesha.

"Mwambie nitatembea," alisema. Tulijua sote wawili kwamba magoti yake yasingefika hata Kibena. Akaingia ndani na kifurushi chake. Nilisikia anakifungua, na niseme ukweli, roho iliniuma sana.

Nilimwambia mbuzi kwa sauti ya kusikika hadi ndani, "Mwambie mama asikifungue. Kesho narudi!"

Nilifika Makambako Bwana Salehe akiwa msikitini, swala ya Ijumaa. Mama Zainabu alikuwa ameketi mlangoni anachambua mchele. Aliniona, akaweka ungo chini ili acheke vizuri.

"Ya bluu ipo," alisema. "Jana mtu wa Iringa aliitaka, nikamwambia mume wangu asiiuze, mwenyewe anakuja."

"Kwa nini hukuniambia jana, shemeji?"

"Jana ungenisikia?"

Bwana Salehe aliporudi aliitazama nyekundu ilivyopakwa tope, akaniuliza kama ujana umeisha mapema hivyo. Tulibadilishana, nikalala kwao, na Jumamosi alfajiri nikaanza kupiga kiki. Nilipiga mpaka nikavua koti na mimi.

Mchana nilikuwa Matembwe. Mama mkwe aliipapasa siti ya bluu hadi kwenye keria, akatikisa kichwa, ameridhika. Tuliweka gunia la maharage katikati, mimi mbele, yeye nyuma ameshika chuma cha keria. Mpango ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kupanga.

Kabla ya Kibena kuna mteremko wenye utelezi. Bluu iliteleza upande, gunia likachomoka, likabingirika hadi mtaroni, na mikono miwili ikanishika koti kwa nguvu ambazo sikujua mwanamke mzee anazo. Hatukuanguka. Nilisimama. Mikono haikuachia.

Mbuzi hakuwepo wa kusema naye. Kulikuwa na mvua tu.

"Mvua," akasema mama mkwe nyuma yangu, "mwambie asigeuke. Achukue maharage, twende. Giza lisitukute."

Mikono ikaachia, nikashuka bila kugeuka, nikachukua maharage bila kugeuka, nikapanda tena. Alinishika koti hadi Uwemba, na sikupumua vizuri njia nzima. Leokadia alituona tunaingia uani tukiwa tope kuanzia miguuni hadi kichwani, akaiangalia ile bluu na keria yake mbaya, akasema tu, "Umechagua vizuri." Sikumsahihisha.

Jumapili, baada ya misa, Agnesi aliletwa mbele ya bibi yake. Bibi alimvuta karibu kabisa, uso kwa gauni, akakaa hivyo muda mrefu. Leokadia akalia, nami nikaenda kukagua pikipiki isiyohitaji kukaguliwa. Tangu hapo mtu akiniomba ushauri wa pikipiki simuulizi injini, namuuliza nyuma atakaa nani.

Jioni mama mkwe alinitafuta uani, akasimama mbali, ameshika kuku. Kwetu mkigusana kwa bahati mbaya, kuku hutolewa na aibu inaisha. Alimtazama yule kuku machoni.

"Kuku, mwambie mkwe wangu kwamba gauni nimeliona. Jeupe kabisa." Akamweka chini, kuku akanijia. "Na umwambie pia, ile nyekundu ilikuwa nzuri zaidi."