Sungura Niliyemnyima Mjomba

Harufu ya mihogo iliyolowekwa, ile inayowakimbiza wageni na kutuambia sisi wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, kwamba tumefika nyumbani, ndiyo inayonirudisha kwenye kiangazi kimoja cha miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatuamrisha, nami nikiwa msichana wa kama miaka tisa. Baba yangu alikuwa seremala. Aliwatengenezea mapadri wa misheni mabanda ya sungura, akarudi na zawadi ya sungura wawili majike, weupe, ndani ya kapu. Tuliwajua sungura wa porini, wa kukimbizwa na mbwa hadi wavuni. Sungura wa kukaa mapajani hatukuwahi kumwona. Baba aliwaleta wawe kitoweo. Mimi niliamua jioni ileile kwamba hawataliwa, na sikumwomba mtu ruhusa ya kuamua.

Kuamua ni rahisi. Kufuga kuna kazi yake. Hakuna aliyeniambia sungura anakula nini, nami sikuuliza, maana nilijifanya najua. Mama alikuwa ametoka shambani na kikapu cha sombe, majani ya mihogo michungu tunayokula karibu kila siku. Nikawaza, kinachotulisha sisi sote kitashindwaje kulisha sungura? Nikawapa kwa mikono miwili. Asubuhi mmoja, yule mlafi, alikuwa amekauka kama ubao. Mama alilitazama banda alilowaundia baba, kisha akanitazama mimi. "We mutoto, sombe tunatwanga, tunapika mpaka ukali inaisha, ndiyo tunakula. Huyu kinu yake iko wapi?" Nililia kwa hasira, tena hasira ya kujikasirikia mwenyewe. Tangu siku hiyo nilimkatia aliyebaki majani ya viazi vitamu, na nikamwekea maji kwenye kibuyu, ingawa watu wazima wote waliapa kwamba sungura hanywi maji. Alikunywa. Alitafuna pia mguu wa kiti cha baba, akanikwaruza tumbo kila nilipombeba vibaya, na kwa ajili ya mbwa wa jirani sikuthubutu kwenda kisimani kabla ya kulikagua banda mara mbili. Nilimpenda hivyohivyo.

Kisha akaja mjomba, kaka yake mama, kwa miguu kutoka Kilembwe. Kwetu mjomba hanyimwi kitu. Akilisifia shati lako, unalivua. Wiki ile mwezi ulikuwa mpevu, na mwezi ukiangaza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, hawafuati taa za wavuvi, kwa hiyo Baraka nzima haikuwa na samaki. Kuku wetu walikuwa wamemalizwa na ugonjwa. Mjomba akainama mbele ya banda, akasema, "Hii iko na mafuta!" Ilitosha. Baba akaanza kunoa kisu. Nikamtoa sungura, nikamtia ndani ya gauni, nikaketi chini mbele ya mgeni, moyo wa mnyama ukidunda juu ya wangu. "Mujomba, huyu nimekatala," nikasema. Baba alinizaba kofi nikaona vimulimuli. Sikuinuka. Alipoinua mkono tena, mjomba akamzuia. "Muache. Nyama ya machozi mi sitakula." Akala ugali kwa sombe, na asubuhi akaondoka bila kuaga. Hakukanyaga kwetu tena hadi siku ya ndoa yangu, na siku hiyo alinipa mkono akitazama pembeni. Mama aliumia miaka yote hiyo, na kwa hilo namwonea huruma mpaka leo. Lakini sijutii. Wazee walinikumbusha kila mara kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu hili hapa, zima, na sungura wangu alikufa kwa uzee.

Siku hizi wajomba wanagomba kwa simu, na sungura wanauzwa sokoni pamoja na kuku. Tangu enzi zile tumekimbia vita mara nyingi, nikaiona njaa ambayo mjomba hakuiona, kwa hiyo simcheki anayemla sungura. Ila wakiniambia kwamba kufuga mnyama wa kupendwa tu ni anasa ya wazungu, nakataa. Mimi wangu nilimpenda bila kufundishwa na mzungu yeyote. Wiki iliyopita mjukuu wangu wa kike aliniomba sungura. Nilimweleza habari za majani, maji, meno na mbwa, na kwamba mnyama huyo anaweza kuishi hadi mtoto mwenyewe awe mwanamwali. Kisha nikamwuliza lililo zito kuliko hayo yote: siku baba yake akisema leo hakuna kitoweo, atamjibu nini? Baba yake, ambaye ni mwanangu, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Mtoto alimwona, na hakupunguza sauti.

"Papa atakula sombe, kama siye bote."

Nikamwambia mwanangu akatafute mbao na misumari.