Ukili Usiofungwa Mwisho: Maisha ya Bibi Mwanahalima wa Chole

Alizaliwa Bibi Mwanahalima binti Shaabani, Mola amweke penye wema, kijijini Baleni katika kisiwa cha Mafia, yapata mwaka 1872, katika nyumba ya Kurani na minazi. Baba yake, Mwalimu Shaabani, alisomesha watoto asubuhi na kulima muhogo alasiri, na binti huyu alihitimu msahafu mbele yake angali mdogo. Lakini kilichowashangaza watu wa Baleni kilikuwa maswali yake. Hakupita penye mtu afinyangaye au asukaye asiketi kumdodosa, hata mama yake akimtuma kisimani humwambia, "Nenda, wala usiniulizie mtungi umefinyangwa na nani."

Mwaka 1891 aliolewa kisiwani Chole na Abeid, mshona kanzu, na huko ndiko mwito ulikomkuta. Uani kwa Bibi Zubeda, mjane mwenye mashamba ya minazi, aliketi mtumwa wake aitwaye Kijakazi, aliyeletwa utotoni kutoka pande za Nyasa. Alikuwa akisuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu ambao huzungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu hata ukawa mkeka. Katika wekundu wa rangi ya magome ya mkoko ilipita mistari myeusi iliyopishana kwa namna ambayo Mwanahalima hakupata kuiona.

"Shikamoo, mama," alisema. "Msuko huu kwenu huitwaje?"

Kijakazi alishtuka. "Usiniamkie hivyo, mwana wa watu! Watakucheka." Kisha akautazama ukili mkononi mwake. "Tangu niletwe hapa nimeulizwa jina la bwana wangu. La msuko hajaniuliza mtu." Akalitamka kwa lugha ya kwao, polepole, kama mtu apapasaye kitu gizani, akalifasiri: njia ya siafu.

Basi neno lile likawa mlango. Mwanahalima aliomba idhini kwa Bibi Zubeda, akawakusanya uani wanawake wa kila daraja, waungwana kama Mwanasiti na watumwa kama Kijakazi. Walianza kwa kumsalia Mtume, kisha kila mmoja akaleta msuko wa kwao na habari zake, naye akazitungia habari hizo beti za kuimba ili zisipotee. Aliwafundisha pia adabu moja ya kazi: anayeinuka asiufunge mwisho wa ukili, bali auache wazi, na jirani yake achomeke ukindu mpya hapo hapo na kuendelea.

Mwaka 1902 Bwana Hamdu, mwana wa Bibi Zubeda, alimaliza kujenga msikiti, akawaagiza wanawake wale mkeka wa safu ya mbele. Walisuka na kushona muda mrefu. Ulipotandazwa uani, kabla ya Ijumaa ya kwanza, Hamdu alikuja kuutazama akakunja uso. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa na hofu ya Mungu na hofu ya watu, na siku ile hofu ya watu ndiyo iliyomzidi.

"Nimeambiwa humu mna mikono ya watumwa na michoro ya bara," alisema, akitoa kisu. "Nionyeshe, mwalimu, niitoe. Usiponionyesha, hakuna tena kusuka katika ua huu."

Mwanahalima aliutazama ule mkeka. Akinyamaza, darasa limekwisha. Akionyesha, kazi ya Kijakazi itang'olewa mbele ya macho yake. Na kusema uongo juu ya tandiko la nyumba ya Mungu hakuweza. Akapiga magoti, akafuata ukili kwa kidole. "Hapa ni Mwanasiti. Hapa ni Kijakazi, njia ya siafu. Na hapa…" Akasita.

"Hapo palipopinda ni nani?" aliuliza Hamdu.

"Ni mimi," ilijibu sauti mlangoni. Bibi Zubeda, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, alijongea akipapasa ukuta. "Kijakazi ndiye aliyeniongoza vidole. Wangu umeanzia kwenye wake. Ukiutoa wake, wangu utafumuka. Haya, kata, baba. Anza na mama yako."

Kijakazi akasema chinichini, "Na hapo kwa bibi ndipo siafu walipopotea njia."

"Mshenzi we!" alisema Bibi Zubeda, akaangua kicheko, na ua mzima ukacheka naye. Hamdu hakucheka. Alirudisha kisu alani, akachutama, akapitisha kiganja pale palipopinda, akakirudisha hadi kwenye mistari ya Kijakazi. "Nitasali hapa," alisema, akatoka. Ijumaa ile alisali pale pale, na Ijumaa zote alizojaliwa. Bibi Zubeda alimwacha Kijakazi huru kabla ya kufa kwake.

Husimuliwa kwamba masika moja paa la msikiti liliporomoka, na mkeka ukakutwa mkavu chini ya makuti. Wako wasemao makuti ndiyo yaliyoukinga, na wako wasemao zaidi ya hayo. Mungu ndiye mjuzi.

Bibi Mwanahalima alifariki Chole mwaka 1916, baada ya vita kubadili bendera kisiwani. Katika saa zake za mwisho ukili ulikuwa mkononi mwake. Kijakazi, mkongwe sasa, alitaka kuufunga mwisho uwekwe kwa ukumbusho. Mgonjwa akafumbua macho: "Usifunge. Nani anafuata?" Mwanasiti akaupokea, akachomeka ukindu mpya.

Mwenye kutaka kumfuata mja huyu mwema si lazima ajue kusuka. Na aketi karibu na mtu ambaye hakuna amwulizaye, amwamkie kwa heshima, amwulize kwao kitu kile huitwaje. Kisha anyamaze, asikilize.