Pamba kwa Panya Ishirini na Wanne

Jumatatu, tarehe 9 Machi 2009, saa mbili kamili asubuhi, chumba cha wanyama kilikuwa na panya weupe ishirini na wanne, kila mmoja katika kizimba chake, na watu watatu: mkuu wa maabara, daktari kijana mwenye utafiti, na mtunza panya, ambaye jengo zima lilimwita Mama Vizimba. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka ishirini na miwili.

Panya kumi na wawili walikuwa wamezaliwa na urithi uliobadilishwa, hata mioyo yao ikatengeneza kupita kiasi ile protini inayoingiza mafuta ndani ya seli. Moyo ulishindwa kuyachoma mafuta yote. Yakalundikana, nao ukakakamaa. Kwa nje walikuwa wembamba sawasawa na wenzao kumi na wawili wa kawaida. Vibandiko vya vizimba ndivyo vilivyowatofautisha, na jana yake daktari, akiwa zamu, aliviosha vizimba kwa maji ya moto bila kubandua vibandiko. Wino wote ulikwenda na maji.

“Maji yamezidi unga,” mkuu alisema. “Wauawe wote, tuanze upya.”

“Miezi kumi na minne, Mkuu!” daktari alilalama.

“Ungeyakumbuka hayo kabla hujageuka dobi.”

Mama Vizimba alikunja mikono ya koti lake. “Hauawi mtu hapa. Nipeni pamba, na muda hadi kesho asubuhi. Nitawatenga.”

“Kwa ramli?”

“Kwa macho, Mkuu. Nyinyi mnawapima mara moja kwa mwezi. Mimi nashinda nao.”

“Haya. Ila ukikosea mmoja tu, wote wanaondoka.”

Akamwekea kila panya donge la pamba la uzito uleule. Panya mzima huichambua pamba, akajijengea kiota chenye paa. Mwenye moyo uliolemewa huchambua kidogo, akahema, akaacha. Kesho yake aliwatenga kumi na wawili huku, kumi na wawili kule, pasipo kusitasita.

Mkuu akainama. “Na huyu? Pamba yake haijaguswa, nawe umemweka kwa wazima!”

“Huyo mvivu tu. Mtazame anavyopumua: taratibu, kama mstaafu.”

Daktari alijiziba mdomo asicheke.

Dawa ya kupimia urithi ilitosha panya sita. Mkuu aliwachagua mwenyewe, akianza na yule mvivu. Alhamisi majibu yalitoka: sita kwa sita, na mvivu alikuwa mzima.

“Mama, nimenyoosha mikono,” mkuu alisema.

“Ishushe basi, unishikie hiki kizimba.”

Utafiti uliendelea. Hadi tarehe 31 Mei, panya wa kawaida walikuwa hai wote kumi na wawili. Wenye protini iliyozidi, watano walikwisha kufa kwa maradhi ya moyo, wakabaki saba. Jumla: panya kumi na tisa, na mtunzaji wao mmoja.