Mama Aliyejifunza Saa kwa Ajili ya Sindano

Jumapili iliyopita nilipigiwa simu kutoka kijijini kwetu Ikolo, wilayani Kyela, nikaambiwa kwamba mama mmoja, jirani wa wazazi wangu, amefariki na atazikwa kesho yake. Wasomaji wangu hamkumjua. Hata Kyela mjini waliomfahamu ni wale walionunua vyungu vyake sokoni. Alizaliwa kwa wafinyanzi wa kando ya ziwa, akaolewa Ikolo, akafiwa na mume mapema, akabaki na jembe, udongo wake na binti mmoja. Nimeshindwa kuandika habari nyingine juma hili.

Binti huyo aliolewa upande wa Malawi. Kisukari kilipomla macho, mumewe alimrudisha kwa mama yake na begi moja la nguo. Muuguzi wa zahanati akamfundisha mama kuchoma sindano: asubuhi na jioni, saa zilezile, na baada ya sindano asubiri nusu saa ndipo mgonjwa ale. Kichupa cha dawa alikiweka ndani ya chungu cha maji kipate ubaridi. Saa alizikadiria kwa jua, maana simu yake ilikuwa ikishinda imezimika kwa kukosa chaji. Lakini masika yakiingia Kyela, jua hupotea kabisa na asubuhi hufanana na alasiri. Siku moja alichoma sindano, kuni zikagoma kuwaka, uji ukachelewa, na binti akamlegea mikononi, jasho linamtoka, hawezi kusema. Walimzindua kwa maji ya sukari.

Nilikuwa likizo kwa wazazi alipokuja na saa ya ukutani ameifunga kwenye khanga. "Mwanangu, nifundishe hii," alisema. "Jana nilikaribia kumuua mtoto wangu."

Tuliketi barazani. Nikamuuliza mshale mfupi uko wapi. Akasema uko kwenye saba. Nikamwambia basi hiyo ni saa moja. "Imeandikwa saba, na wewe unasema moja. Mwongo ni nani hapo?" Nikamweleza kwamba sisi tunaanza kuhesabu asubuhi, waliotengeneza saa wanaanza usiku wa manane, kwa hiyo atazame namba inayokabiliana na ile ya mshale mfupi. Mshale mrefu ndio uliomtesa zaidi. Kuna siku alilia, akasema kichwa chake kimekauka kama udongo wa kiangazi. Kesho yake alirudi na sahani ya udongo aliyoibonyeza alama za dole gumba kuzunguka ukingo, na vijiti viwili vya kuwa mishale, akajizoeza kwa mikono aliyokuwa akiiamini. Hatimaye, asubuhi moja kabla sijamuuliza lolote, aliinua macho kwenye saa ya ukutani kwetu akasema, "Saa mbili kasorobo. Ndaga fijo, mwanangu." Hilo ni asante sana ya kwetu, na aliitamka taratibu kama anayekabidhi kitu.

Binti hakuanguka tena mwaka mzima. Masika yaliyofuata mto ulifurika, barabara ikakatika, na dawa ikamwishia. Mama alivuka maji mpaka zahanati. Akaambiwa haijafika, aje kesho. Akaenda kesho, akaambiwa hivyo hivyo. Nilikuwa nimekuja kumwona baba, nikapita kwake. Nilimkuta ameketi mbele ya saa, binti kalala mkekani akipumua kwa nguvu na kuomba maji kila mara. Nilipiga simu kwa kila niliyemjua mjini. Walionijibu walisema hakuna gari linaloweza kupita. "Sindano ya asubuhi imepita," mama aliniambia bila kugeuka. "Ya jioni nayo inakuja. Zamani nilikuwa nangoja tu. Sasa najua nimechelewa kiasi gani." Binti alifariki alasiri iliyofuata, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yake.

Mama mwenyewe, nimeambiwa, aliugua kifua kwa majuma kadhaa na hakukubali kupelekwa zahanati. Walipombembeleza alijibu kwamba hana anachokifuata kule.

Tunapenda kuwahubiria watu wa vijijini wajali muda, wafuate masharti ya dawa, wasichelewe kliniki. Mama huyu alitii yote, tena kwa shida ambayo wengi wetu tusingeivumilia. Masika ya Kyela hayamshtukizi mtu, yanajulikana yanakuja lini, na dawa ingeweza kupelekwa kabla ya maji. Anayemwambia mgonjwa aje kesho anakuwa ameamua jambo kubwa kuliko anavyodhani, kwa sababu huko nyumbani kuna mtu anayehesabu, na kesho ya mgonjwa wake huenda isiwepo.