Ncha ya Mpira

Tangu figo zake zishindwe kazi, fundi cherehani husafisha damu yake nyumbani, mara nne kwa siku, kwa maji yanayoingia tumboni kwa mpira na kutolewa baada ya saa chache. Mashine ya hospitali aliikataa tangu mwanzo. "Ile itanilaza kama kitambaa mezani. Hapa natumia mikono yangu." Basi hunawa hadi viwikoni, hufunga dirisha, huvaa barakoa, hutundika mfuko wa maji hayo kwenye msumari uliokuwa wa tepu ya kupimia. Mkewe huketi kando, akijifanya anachambua vifungo. Siku hizi fundi hunawa, akakaa, akainuka kunawa tena. "Utachubuka, baba watoto." "Fundi hapimi mara moja," humjibu, na wote wawili hucheka, ingawa mke ndiye huacha kwanza. Huyu ndiye fundi aliyekuwa na vipimo vya mtaa mzima kichwani, bila daftari.

Muuguzi aliwaonya kuwa ncha ya mpira isiguswe na kitu chochote, na kwamba siku mzee akikosea hapo, mifuko basi, atahamia kwenye mashine. Leo asubuhi fundi alifungua kifuniko, akainua ncha kwenye mwanga, akafumba jicho moja. Kisha akashusha barakoa na kuilowanisha ncha kwa midomo, kama alivyolowanisha uzi maisha yake yote kabla ya kuutunga sindanoni. Mkewe akamdaka mkono.

"Niache kidogo, mama," akasema kwa upole. "Uzi haujapita."

Mke akautoa mpira vidoleni mwa mumewe, akaufunga, akaenda kumpigia muuguzi. Simu ilipokuwa ikiita, alisikia bomba likifunguliwa. Fundi alikuwa ananawa tena, hadi viwikoni.