Vipande vya Jua la Jumamosi

Shemeji yangu ni fundi magodoro, na mtaa mzima unamwita Bwana Kesho. Si kwamba ni mwongo. Ukimpelekea godoro lililobonyea katikati atalipapasa, atalikandamiza kwa goti, atakwambia uje kesho, na anapokwambia hivyo anaamini kabisa. Tatizo ni kwamba akili yake haikai ndani. Utamkuta ameshika ile sindano yake ndefu hewani, uzi unaning'inia, macho yako dirishani, na sufi ya kujazia magodoro inaelea juu ya kichwa chake taratibu, inatua kwenye nyusi, naye hana habari. Mimi ni msusi. Kibaraza changu kinatazamana na karakana yake, kwa hiyo nimeiona sindano hiyo hewani mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Alipomwoa dada yangu nilinung'unika, wala sifichi. Dada anafua mashuka ya hospitali, kazi ya zamu, na zamu zake huangukia Jumamosi na Jumapili. Nilitaka apate mwanamume aliye macho. Dada akanijibu, "Huyu hanipigii kelele," na mjadala ukaishia hapo. Akahamia kwenye vyumba vya nyuma ya karakana yeye na binti yake, na mimi nikabaki ng'ambo ya barabara na midomo yangu.

Binti huyo yuko darasa la tatu, na tunamwita Chiriku kwa sababu akishaamka hanyamazi. Anaongea na mimi, anaongea na wateja wangu, wakiisha anaongea na vitana. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa haongei naye: Bwana Kesho. Hakumvunjia heshima wala hakumnunia. Alimpita pembeni tu, kama mtu anavyolipita kabati. Chakula kikiiva aliuambia mlango, "Chakula tayari." Hakumwita baba, hakumwita mjomba, hakumwita chochote. Akitaka kitu kwake alikuja kwangu, mimi nikavuka barabara kwenda kukisema, na jibu nikapewa mimi. Miezi yote ile nilikuwa simu yao.

Sasa, mwalimu wao ana utaratibu wake. Kila Ijumaa anawapa watoto kazi ndogo ambayo huwezi kuifanya peke yako. Lazima ukae na mtu wa nyumbani kwenu. Wiki moja walitakiwa kufumba macho na kuisikiliza nyumba. Nyingine, wapime meza kwa viganja vya mkubwa na vya mdogo. Nyingine tena, wamwulize mtu mzima alikuwa anaogopa nini utotoni. Mimi nilisema sikuogopa kitu, na Chiriku akanitazama mpaka nikakiri kwamba nilikuwa naogopa kuku. Jumatatu kila mtoto anasimama, anaonyesha alichofanya, na anasema alifanya na nani. Kwa kuwa dada huwa kazini, huyo nani alikuwa mimi, wiki nenda wiki rudi, na cheo hicho nilikipenda.

Bwana Kesho alikitamani. Kila Ijumaa watoto wanapotoka shule alipata sababu ya kusimama mlangoni: mara anakung'uta kitambaa, mara anafagia mahali alipokwisha kufagia. "Shemeji," ananiita kwa sauti ya mtu asiyejali, "wiki hii wamepewa nini?" Ananiuliza mimi, na mtoto mwenyewe amesimama hapo hapo katikati yetu. Nikimwambia, anatikisa kichwa polepole, anarudi ndani, na mchana huo sindano haisogei tena. Mwanamume mwenye ndevu zake alikuwa anangoja kualikwa kwenye kazi ya darasa la tatu. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ilinikera.

Ijumaa moja Chiriku alikuja na kazi ya kufuata jua la dirishani. Unachagua dirisha moja, unachora mwanga wake unapoangukia, unangoja usogee, unachora tena, mpaka jua liage. Dirisha langu linatazamana na ukuta wa jirani. Jua tunalisikia kwa watu tu. Vyumba vyao vya nyuma ndivyo vyenye giza kabisa. Dirisha linalopata jua mchana kutwa lilikuwa moja, na tulilijua sote wawili.

"Itabidi kule," nikamwambia.

Alitazama ng'ambo, akavuta mkanda wa begi lake. "Sawa. Ila na wewe uje."

Jumamosi nilifunga kazi mapema tukavuka. Bwana Kesho alikuwa amekwisha kupangusa dirisha. Hilo nililiona. Meza yake ya kukatia ni ndefu, na siku hiyo ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe cha mama wa duka la nafaka, kilichokuwa kinangoja mkasi tangu wiki iliyopita. Jua lilikuwa limekaa kwenye ncha moja ya meza, la mraba, limetulia. Chiriku alitoa karatasi yake, akaona mwanga ni mkubwa kuliko karatasi, akanigeukia.

"Mwambie achore juu ya kitambaa," shemeji akaniambia, na kumpa mtoto chaki yake ya bluu. "Huyu mama nitamtafutia kingine."

Akachora. Kisha tukangoja. Sijui kama umewahi kukaa mahali ukangoja jua lisogee. Mwanzoni unachoka. Baadaye mwili unakubali. Karakana ile inanukia pamba na vumbi jepesi, na sufi haitui chini. Inapanda, inazunguka ndani ya mwanga, inashuka ikiwa imebadili nia. Shemeji alikuwa anashona pindo la godoro jingine pale kwenye benchi, na kila alipofika kwenye kona alikohoa kidogo, na kweli, ukiangalia mezani unakuta jua limeshatoka kwenye mistari yake. Chiriku anachora tena. Nikaegemea gunia la sufi, nikasema nipumzishe macho tu.

Niliota nasuka nywele za mtu asiyekuwa na mwisho. Nilisuka, nilisuka, nywele zikatoka mlangoni zikashika barabara. Nilipozinduka jua lilikuwa limefika upande wa pili wa meza, refu na la mshazari, na nikasikia sauti mbili. Nikafumba macho tena.

"Likitoka hapa linakwenda wapi?"

"Kwa majirani. Halafu kwa watu tusiowajua."

"Nao wanalichora?"

"Wengine watakuwa wanalichora. Wengine wamelala kama mama yako mdogo."

Chiriku akacheka. Kicheko kifupi tu, cha puani, lakini kilikuwa chake, na alikitoa mbele ya mtu aliyekuwa akimpita kama kabati. Niliendelea kulala kwa makusudi mpaka jua likaanguka nje ya meza.

Makubaliano yakawa kwamba kitambaa kibaki pale mezani chaki isifutike, na Jumatatu asubuhi mtoto akipeleke shuleni kimekunjwa. "Jumatatu asubuhi kiko tayari," shemeji akasema, na safari hii alimwambia yeye, si mimi. Nami ahadi za mtu huyu nazijua.

Jumapili asubuhi mama wa duka la nafaka alikuja. Sauti yake ilifika kwangu bila shida. "Fundi, hiyo kesho yako inazaliwa lini?" Alipoondoka nikamwona shemeji anasimama mezani, anashika mkasi, anatazama dirisha. Nikarudi kwenye kichwa nilichokuwa nasuka. Baada ya muda kivuli kikanifunika. Alikuwa yeye, uso umemsawajika, na vitambaa vyeupe vimemlalia mkononi.

"Shemeji," akasema, "nimekata."

Fundi hukata penye chaki. Mkono wake umefanya hivyo miaka yote, haumngoji mwenyewe. Alikuwa na nia ya kukiondoa kitambaa cha mtoto atandike kingine, akawa anaifikiria ile Jumamosi, na mkasi ukafuata mistari ya bluu mmoja baada ya mwingine mpaka jua lote likawa vipande. Vilikuwa vimechanganyikana, na hakuna aliyejua kipi kilitangulia.

Nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia bora angeoa dirisha. Mteja wangu aliinamisha kichwa ili asicheke. Nilipoishiwa pumzi, shemeji akasema kwa upole, "Basi nenda ukamwambie. Wewe atakuelewa."

Nilikwisha kuweka kitana chini. Nilikwisha kuinuka. Kisha nikamtazama yule mwanamume amesimama na sufi kwenye nyusi, nikaona kwamba nikivuka barabara leo nitavuka mpaka nizeeke.

"Leo simu haina chaji," nikamwambia. "Kaseme mwenyewe."

Alivuka peke yake. Chiriku alikuwa anaosha vyombo kizingitini mwa karakana. Kutoka kibarazani kwangu nilisikia vizuri, kwa sababu mteja wangu naye alikuwa amenyamaza.

"Nimeharibu kazi yako," akamwambia. "Nimeikata. Si mtu mwingine, ni mimi."

Mtoto alitazama vile vitambaa. Nikadhani sasa analia, au anaingia ndani na hatamtazama tena huyu mtu maisha yake yote.

"Ulikuwa unawaza nini?"

Bwana Kesho alifikiri kwanza. "Jana," akasema. "Nilikuwa bado niko jana, tunangoja. Mkono ndio uliokuwa leo."

Chiriku alipangusa mikono kwenye gauni. Alivichukua vile vipande kimoja kimoja, akavipanga juu ya mkono wake, akaingia navyo ndani. Shemeji akakaa kizingitini, akamalizia kuosha vyombo. Jumatatu mtoto alipita na begi limevimba, hakumtazama yeye wala hakunitazama mimi. Siku hiyo nilisuka mistari ikapinda, nikafumua, nikasuka tena.

Saa za kutoka shule nikamwacha mteja kwenye kigoda, nikasimama kibarazani. Chiriku akaja mbio, akaongea kabla hajanifikia, maana Chiriku ni Chiriku. Mwalimu aliuliza kwa nini jua lake limekatwa, naye akaeleza. Darasa zima likacheka. Mwalimu akauliza, ulifanya na nani?

"Ukasemaje?"

"Nikasema na fundi. Akaniuliza fundi wa wapi. Nikasema wa nyumbani kwetu."

Alilisema kama kitu kisicho na uzito, huku anafungua begi. Mimi nilishika nguzo ya kibaraza. Ng'ambo, fagio lilikuwa limesimama mlangoni, na aliyelishika alikuwa hafagii.

"Mwalimu amesema nivipange upya," Chiriku akaendelea, "kipi cha kwanza na kipi cha mwisho. Sasa sijui."

Nikafungua kinywa nimpe maarifa yangu, lakini alikuwa ameshageuka. Aliangalia huku na huku, akavuka barabara na vipande vyake kifuani, akasimama mbele ya fagio.

"Fundi," akasema, "jua limeshafika mezani?"

"Ndiyo kwanza linafika."

Wakaingia. Kutoka kwangu nilimwona Chiriku akishika kipande, anakijaribu juu ya mwanga, hakienei, anamrudishia. Fundi anatoa kingine, kinaenea, wanakiacha pale na kungoja jua lenyewe liwaonyeshe kinachofuata. Sufi ilikuwa inapanda na kushuka juu ya vichwa vyao. Hakuna aliyekuwa na haraka.

Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na wivu, vyote kwa pamoja, na wivu ndio uliofungua mdomo.

"Chiriku," nikaita, "nije?"

Kichwa kikachomoza dirishani. "Kaa tu, mama mdogo," akasema. "Tupo."

Nikarudi kwa mteja wangu, nikatafuta pale nilipokuwa nimeishia.