Mraba wa Zambarau Kifuani mwa Baba

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Aliyezionja zaidi ni shangazi yangu, dada yake baba, na ndiye ambaye hakustahili.

Baba alikuwa na saratani ya pafu. Hospitalini Dar walimpangia mionzi siku ishirini na tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, kisha siku mbili mwili upumue. Daktari alisema dozi yote ikipigwa kwa mkupuo itamuua mwenyewe, ndiyo maana wameikata vipande. Lakini ukiruka siku, uvimbe nao unainua kichwa. Wakamchorea mraba kifuani kwa dawa ya zambarau, mashine ilenge humo humo. Msiuoshe, walisema. Ukifutika msichore wenyewe, mje tupime upya. Na foleni ya kupimwa ilikuwa ya wiki nzima.

Kile chumba cha mionzi sikukipenda hata kidogo. Baba analazwa, wote wanatoka, mlango mzito unafungwa. Baada ya dakika chache anatoka yuleyule, hana jeraha, hajasikia joto wala maumivu. Siku moja nikamuuliza, "Humo ndani unabaki na nani?"

"Hakuna mtu," akasema. "Lakini Mungu ananiangalia."

Alianza siku ya Alhamisi, kwa hiyo dozi ya kumi na mbili iliangukia Ijumaa, naye akataka akalale kwake Kibiti. Zilikuwa enzi za ruksa ya biashara, malori ya mitumba yakipita kila siku, tukapata nafasi mbele kwa dereva. Shangazi naye akaja kutoka Maparoni kumwona mgonjwa.

Jumamosi mchana nimetoka dukani, namkuta baba mkekani, kifua wazi, kisafi kabisa. Midomo yake ilikuwa ya zambarau. Shangazi ameshika bakuli jeupe, tupu.

Kwetu kombe ni jambo la kila siku: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Shangazi hakujua kusoma. Aliona dawa imeandikwa kifuani mwa kaka yake, akaiosha kwa marashi, akakinga, akamnywesha.

"Watu wa Dar wamemwandikia, wakasahau kumnywesha," aliniambia, amefurahi kweli.

Loo! Nilimfokea mpaka majirani wakachungulia. "Umemuua kaka yako! Umesikia? Umemuua!" Shangazi aliliweka bakuli chini polepole.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu, na mraba ni kitu gani? Jumapili asubuhi, kabla ya safari, nikachukua rula, pamba na chupa ya zambarau ya zahanati. Baba alilala chali. Ngozi yake ilikuwa ya baridi, na jua lote lile.

"Ulianzia hapa?"

"Hapo. Sogeza kidogo."

"Una hakika, baba?"

"Chora, mwanangu. Siku zisipotee."

Jumatatu mpiga mionzi akatazama kifua, akasema, "Mistari imekolea leo." Nikamjibu tumeitunza vizuri. Akalenga kwenye mraba wangu. Zile dozi kumi na tatu zilizobaki tulizimaliza bila kukosa hata moja, na nilijisifu sana kwa hilo.

Baba alifariki Kibiti, miezi michache baadaye. Siku ya kumwosha mimi ndiye niliyekuwa nikimimina maji. Mwoshaji akafunua kifua, mkono wake ukasimama. Rangi ilishatoka zamani, lakini ngozi ilikuwa imegeuka nyeusi, kingo zimenyooka. Kulikuwa na miraba miwili. Mmoja ulikuwa wa hospitali. Wa pili, uliosogea kuelekea kwapani upana wa vidole viwili, ulikuwa wangu.

"Hivi ni nini, mwalimu?"

"Dawa," nikasema, nikamimina maji. Hayakufuta kitu.

Mpaka leo sijui kama vidole viwili vingemponya. Najua tu kwamba kwa siku kumi na tatu kuna sehemu ya ule uvimbe haikuguswa, kwa rula yangu.

Nilipotoka, shangazi alikuwa ameketi uani, amejitanda kanga. Tangu siku ya bakuli hakuwahi kunitazama usoni. Alinishika mkono.

"Mwanangu, nilimuua mimi. Nisamehe."

Wanaume walikuwa ndani wakimvisha sanda, tulikuwa wawili tu pale uani, ningeweza kusema.

Nikamwambia nimemsamehe.